Maswali ya Wasomaji: Mitiki ya Siku Moja, Vimo Mbalimbali

Masika yako mlangoni na barua nyingi za mkoa wa Tanga safari hii zinahusu miti ya mbao: mbegu, stampu, kloni na miche ya viriba. Tumezijibu hizi kwanza kwa sababu wenye mashamba hawana muda wa kusubiri toleo lijalo.

Ndugu wahariri, nina ekari mbili za mitiki huku Muheza, nafasi mita 3 kwa 3, ina miaka mitano. Mingine imefika mita kumi, mingine haijapita mita nne, na mingi imetoa panda, yaani shina kugawanyika mawili, chini kabisa. Mbegu niliokota chini ya mitiki iliyoko kando ya barabara. Jirani anasema ni udongo. Je, ni kweli? (Mkulima, Muheza)

Jirani yako anaweza kuwa na haki, lakini shamba lenyewe litakwambia. Chukua futi kamba, chaki na daftari. Fuata mistari mitano, miti kumi kila mstari, pima mzunguko wa shina mita 1.3 kutoka ardhini, na uandike kwa mpangilio ule ule wa mistari. Kisha tazama karatasi. Kama miti myembamba imekusanyika upande mmoja, tuseme kule bondeni maji yanakotuama au kule juu kwenye changarawe, hapo udongo umesema. Mtiki hautaki miguu yake ikae majini, hautaki udongo wenye tindikali nyingi, na mzizi wake mkuu ukigonga mwamba au tabaka gumu kwenye nusu mita, mti unadumaa. Chimba shimo la mita moja mahali palipodumaa na jingine palipostawi, ulinganishe.

Lakini kama mti mnene na mwembamba wamepakana mstari mzima, huyu juu huyu chini, usiulaumu udongo. Ardhi haibadiliki kiasi hicho kila baada ya mita tatu. Hapo kuna mambo mawili makubwa ya kushuku: mzizi uliojikunja wakati wa kupanda, au mbegu. Ng'oa mti mmoja ule uliodumaa kabisa uone mzizi wake. Ukiwa umenyooka kwenda chini, basi huenda ni mbegu.

Kwa maelezo yako tunaelekea huko, na ushahidi mkubwa ni zile panda. Mtiki huchanua kwenye ncha ya shina kuu. Ncha ikishageuka ua, haiendelei tena kupanda juu. Matawi mawili ya chini yake ndiyo yanayochukua nafasi, na hapo hapo unapata panda. Mti unaochanua mara ya kwanza ukiwa na miaka mitatu hukatisha gogo lake kwenye mita tatu au nne. Unaochelewa hadi miaka minane au zaidi hukupa gogo safi refu. Na kuwahi au kuchelewa kuchanua ni tabia ambayo mti hurithi kwa wazazi wake.

Sasa fikiria mbegu za kando ya barabara zinatoka kwa mti gani. Mti uliosimama peke yake, una mwanga kila upande, una matawi hadi chini, umeanza kuzaa utotoni na unazaa sana kila mwaka. Ndio unaomwaga mbegu nyingi, na ndio rahisi kuokota. Mti mrefu, mnyoofu, uliochelewa kuchanua uko katikati ya msitu na mbegu zake ni chache. Kwa hiyo anayeokota bila kuchagua amekwisha kuchagua, ila amechagua kinyume cha anachotaka. Kuna na la pili: maua ya mtiki huchavushwa na wadudu, na mti wa peke yake hauna jirani wa kubadilishana naye chavua. Mbegu zinazopatikana kwa kujichavusha wenyewe hutoa watoto dhaifu, na hao ndio mita nne zako.

Mbegu nzuri hukusanywa kwenye shamba lililoteuliwa kwa kazi hiyo, ambalo miti mibaya ilikwisha kuondolewa kabla ya kuchanua, na kutoka kwa miti mama isiyopungua 25 hadi 30 iliyosimama mbali mbali. Muheza una bahati: Shamba la Miti Longuza, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ni la mitiki. Anza kuulizia huko. Ukinunua mbegu popote, dai kikaratasi kinachotaja chanzo, tarehe ya kukusanywa na asilimia ya uotaji. Muuzaji asiyejua mbegu zake zimetoka wapi anakuuzia mbegu za kando ya barabara kwa bei ya dukani.

Ulichonacho usikifyeke. Kwa nafasi yako una miti kama 450 kwa ekari, na miaka mitano ndio umri wa kupunguza kwa mara ya kwanza. Weka alama miti yote yenye panda chini ya mita tatu, iliyopinda na iliyofunikwa, uiondoe mpaka ibaki kama 225 kwa ekari. Wabaya wawili wakipakana, muache aliye afadhali ili usifungue pengo kubwa litakalojaa magugu. Panda ambayo bado ina unene wa mpini wa jembe inaweza kukatwa kwa msumeno upande mmoja, karibu kabisa na shina. Iliyonenepa kuliko hapo iache. Na usihesabu machipukizi ya visiki kama miti mipya: chipukizi lina tabia ile ile ya kisiki, na juu yake kuna kivuli.

Nimenunua kilo mbili za mbegu za mtiki, nimezimwaga kitaluni, leo wiki ya tano zimeota chache mno. Nimeibiwa? (Mama wa kitalu, Korogwe)

Huenda hujaibiwa, mama. Unachokiita mbegu ni tunda zima, gumu kama kokwa, lenye vyumba vinne ndani. Vingine vina mbegu, vingine vitupu. Mtiki hata ukiwa mzuri mara nyingi huota kwa asilimia 30 hadi 50, na hauoti siku moja: wa kwanza hutokeza kama wiki mbili, wa mwisho miezi. Tena mbegu mbichi ya mwaka huu huwa mbishi kuliko iliyokaa ghalani mwaka mmoja mahali pakavu.

Zilizobaki, au za awamu ijayo, zitie kwenye gunia, lizamishe majini jioni, asubuhi litoe, uzianike juani kwenye turubai safu moja hadi jioni, kisha majini tena. Rudia siku 10 hadi 14. Kinacholegeza ganda ni huko kulowa na kukauka kwa kupokezana. Kuziacha majini wiki nzima mfululizo ni kuziozesha. Maji yabadilishe kila siku.

Tuta liwe na upana wa mita 1.2 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Sia sentimita 1 hadi 2 chini, kovu la kikonyo likitazama chini ukiweza, funika kwa mchanga na nyasi kavu kidogo, na usilitilie kivuli kizito. Mbegu ya mtiki inataka joto, na vitalu vingi vya pwani huikosesha jua kwa kuionea huruma. Kilo moja ina matunda kama 2,000, kwa hiyo ukipata miche mizuri 400 mpaka 500 kwa kilo, usilalamike.

Kuna kosa moja linaloharibu shamba zima na wenye vitalu wengi hawalioni kama kosa. Miche ikichelewa kuota inahurumiwa, inapewa mbolea, inangojewa, inauzwa pamoja na mingine. Mche uliobaki nyuma ya wenzake walioota nao wiki moja, ukiwa tuta lile lile, maji yale yale, utabaki nyuma na shambani. Kwenye kila miche kumi tupa miwili ya mwisho. Ni hasara ya shilingi chache kitaluni, dhidi ya miaka mitano ya palizi shambani.

Mwaka jana nilipanda stampu 600 za mtiki hapa Handeni. Nusu hazikuchipua, na zilizochipua zimetoa vichipukizi vitatu hadi vinne kila moja. Nimekosea wapi? (Msomaji, Handeni)

Kwa wasioifahamu, stampu ni mche wa karibu mwaka mmoja ulionyang'anywa majani yote: shina linakatwa sentimita 2 hadi 3 juu ya shingo ya mzizi, mzizi mkuu unaachwa sentimita 15 hadi 20, mizizi ya pembeni inapunguzwa yote. Kinachobaki ni kijiti kama kalamu nene. Kinaishi kwa akiba ya chakula iliyomo ndani ya mzizi, kwa hiyo unene ndio kila kitu. Shingo iwe na kipenyo cha sentimita 1 hadi 2, unene wa kidole gumba. Nyembamba kuliko hapo haina akiba: inachipua, inatumia kila ilichonacho, na jua la kwanza linaimaliza.

Sababu za kufa ni nyingi, lakini tukikadiria kwa Handeni, ya kwanza ni mvua. Msimu wa kupanda ni pale udongo umelowa kina cha sentimita 30, na hilo hulijui kwa kutazama juu. Chimba kwa jembe uone. Mvua mbili za kwanza zinalainisha vumbi tu. Vuli kwa upande wenu haitabiriki, kwa hiyo pandeni masika.

Ya pili ni tundu. Watu hupiga mtaimbo, wanachomeka stampu, wanaenda zao. Chini ya stampu panabaki uwazi, mzizi unaning'inia hewani. Baada ya kuichomeka, piga mtaimbo tena kando yake kama sentimita 10, uusukume udongo uikumbatie stampu kuanzia chini, kisha kanyaga kwa kisigino. Jaribu kuivuta kwa vidole viwili. Ikitoka, ilikuwa haijapandwa. Shingo iwe sawa na uso wa ardhi.

Ya tatu watu wataicheka, ila ipo: kupandwa kichwa chini. Stampu isiyo na jani, mikononi mwa kibarua anayelipwa kwa idadi, haina juu wala chini. Dawa yake ni kitaluni: juu kata bapa, chini kata mshazari. Anayepanda hana haja ya kufikiri, mshazari unaingia ardhini.

Na safari pia huua. Stampu zilizolazwa juu ya pikipiki juani kutwa nzima hazina tofauti na kuni. Zifungwe kwenye gunia lenye unyevu, kivulini, zipandwe ndani ya siku mbili tatu. Mvua ikigoma, zifukie kwenye mchanga kivulini, zitastahimili wiki kadhaa.

Vichipukizi vingi si ugonjwa. Subiri virefuke sentimita 20 hadi 30, chagua kimoja kinene kilichotokea karibu na ardhi, vingine nyofoa kwa mkono vikiwa bado laini. Mti uliochelewa kufanyiwa hivi mwaka mzima huishia na mashina mawili yanayogombana, na hakuna fundi seremala atakayekuuliza lipi ni lipi.

Wahariri, shikamooni. Kuna watu wanatembeza miche ya kloni ya mtiki, bei mara kadhaa ya mche wa mbegu. Wanasema inakua mara mbili na haihitaji shida. Ninunue? (Kijana mwenye ekari nne, Pangani)

Marahaba kijana. Kloni ni nakala ya mti mmoja. Kama mti mama ulikuwa mnyoofu na ukachelewa kuchanua, nakala zake zote zitafuata. Hiyo ni faida ya kweli: shamba linakuwa la kimo kimoja, na magogo ya kufanana hupata bei nzuri kwa mnunuzi. Haiongezi rutuba, haiongezi mvua. Na kwenye magugu mtiki wa aina yoyote hushindwa, kwa sababu haustahimili kivuli. Anayekwambia haihitaji shida anauza maneno.

Muulize mambo haya. Ni kloni ngapi zimo kwenye mzigo, na zina namba au majina? Zimejaribiwa wapi, na jaribio lina umri gani? Kloni za mtiki zinazojulikana duniani nyingine zina asili ya Sabah, Malaysia, ambako mvua hainyeshi kwa msimu kama huku. Kustawi kule si hati ya kustawi Pangani, kwenye miezi ya kiangazi. Mche uliotimiza miaka miwili tu hauonyeshi lolote kuhusu panda. Longuza kulikuwa na jaribio la mitiki ya asili mbalimbali lililopimwa likiwa na miaka 17, ambapo tabia za mti zilikuwa zimekwisha kujitokeza.

Usipande kloni moja ekari zote nne. Mikaratusi imekwisha kutufundisha hapa Afrika Mashariki: kinyigu aitwaye Leptocybe invasa, anayetia vinundu kwenye majani na vikonyo, hushambulia vikali baadhi ya kloni chotara na kuzigusa kidogo nyingine. Aliyekuwa na ile moja inayoshambuliwa aliona shamba zima linadumaa pamoja. Kwa eneo lako changanya kloni zisizopungua kumi, au panda kila kloni kwenye kipande chake kidogo cha shamba chenye namba, ili baada ya miaka ujue ipi imeipenda ardhi yako.

Kabla ya kulipa, chagua miche mitano mwenyewe bila kuchaguliwa, osha mizizi kwenye ndoo. Unatafuta mizizi isiyopungua mitatu, iliyotoka pande zote za shina. Mche wa kloni hauna mzizi mkuu wa kuzaliwa nao, na wenye mizizi upande mmoja tu, kusi ikivuma, itaulaza.

Kuhusu bei, hesabu yako ianze mbali kidogo. Ukitumia mbegu unapanda 450 kwa ekari ukijua nusu utaiondoa kwa sababu haifai. Wingi ule ndio nafasi yako ya kuchagua. Kloni haina cha kuchaguliwa, kwa hiyo unaweza kupanda mita 4 kwa 3, miche kama 337 kwa ekari. Linganisha gharama ya ekari nzima, si ya mche mmoja, na uweke palizi ya miaka mitatu ya kwanza kwenye hesabu. Mara nyingi palizi itakuwa kubwa kuliko miche yenyewe. Kama fedha ya palizi haipo, chukua miche ya mbegu iliyoteuliwa. Kama ipo, nusu kwa nusu ni uamuzi wa busara: ekari mbili kloni, ekari mbili mbegu.

Nina mtiki mmoja mzuri sana. Kwa nini nisikate matawi nichomeke kama muhogo? (Msomaji, Muheza)

Kwa sababu tawi la mti mkubwa limezeeka. Kwa kawaida halitoi mizizi, na likitoa, linabaki na uzee wake: mche mdogo unaochanua mapema. Unachohitaji ni ujana, na ujana wa mti uko chini, kwenye machipukizi ya kisiki. Kwa hiyo ama uukate mti ule mzuri, jambo ambalo huenda hulitaki, ama usubiri siku utakapouvuna.

Machipukizi yakifika sentimita 20 hivi, yakate asubuhi, yatumbukize kwenye ndoo ya maji. Kata vipande vya sentimita 5 hadi 10 vyenye pingili na jozi moja ya majani, majani uyapunguze nusu kwa mkasi yasipoteze maji. Andaa sanduku la mbao lililovikwa nailoni ngumu inayopitisha mwanga: chini mawe, juu yake kokoto, juu yake mchanga mnene uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, maji yakiwa kwenye mawe na yasifike mchangani. Kifuniko cha nailoni kisiachwe wazi. Homoni ya mizizi ya unga ikipatikana dukani, chovya ncha. Weka kivulini, nyunyizia maji laini kama ukungu kila unapofungua. Wiki tatu hadi nne utaona mizizi. Kinachoua vipande vingi ni unyevu uliopita kiasi mchangani; vikiwa vyeusi chini, umejaza maji kupita kokoto.

Miche yangu ya viriba imekaa kitaluni mwaka na nusu, mirefu inafika kiunoni. Si bora zaidi? (Msomaji, Lushoto)

Hapana. Chana kiriba kimoja utazame: mizizi imezunguka kama waya wa kiti. Mti huo utasimama miaka kadhaa kisha upepo utaukata shingoni, kwa sababu mizizi imejinyonga yenyewe. Kama ni mitiki, ikate uifanye stampu, imepona. Misindano na mikangazi haina njia hiyo; ukilazimika kuipanda, kata sentimita 1 hadi 2 za kitako cha kiriba, chana pande mbili kwa kisu kutoka juu hadi chini, kisha toa nailoni yote. Mche wa kupanda uwe na kimo cha sentimita 25 hadi 40 na shina gumu. Kimo bila unene ni kivuli kingi na maji mengi ya kitaluni.

Mvinje wangu wa ufukweni unakuwa wa njano na haupandi juu. Mbegu ni zile zile za jirani. (Msomaji, Pangani)

Huenda mbegu haina kosa. Mvinje hujipatia naitrojeni kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi kwenye vinundu vya mizizi yake, na mchanga mtupu wa kitalu kipya hauna vijidudu hivyo. Chimba chini ya mvinje mkubwa ulio mzima, chukua udongo wenye vinundu, changanya kiasi cha debe moja kwa madebe kumi ya udongo wa viriba. Kwa miche iliyokwisha kupandwa, ponda vinundu vibichi, koroga majini na umwagie kwenye mizizi siku ya mawingu. Mwaka ujao ukisia, zungushia kitalu jivu au weka meza yenye miguu ndani ya makopo ya maji: mbegu za mvinje ni ndogo na sisimizi huzibeba zote usiku mmoja.